Uwakilishi wa Bunge Lang'ata: Tathmini ya Huduma Tangu Yunis Ali Hadi Jalang'o

Huduma ninayoitathmini hapa ni uwakilishi wa wananchi bungeni katika eneo bunge la Lang'ata, kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, pamoja na Kibra, eneo bunge linalobeba mtaa wa Kibera, iliyomegwa kutoka Lang'ata mwaka wa 2012 na ambayo historia yake haitenganishwi nayo. Mteja ni mkazi aliyesajiliwa kupiga kura, bei ni kodi anayokatwa, na mkataba ni wa miaka mitano. Mteja asiyeridhika hana njia ya mkato. Kifungu cha 104 cha Katiba kinampa haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha, lakini sehemu za Sheria ya Uchaguzi zilizoeleza namna ya kufanya hivyo zilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka wa 2017, kwa hiyo haki ipo kwenye karatasi ilhali utaratibu wa kuitumia haupo. Kinachobaki ni kusubiri debe.

Nitoe hukumu yangu mapema ili msomaji mwenye haraka asihangaike. Lang'ata, kwa miaka yote niliyoipitia, naipa nyota mbili na nusu kati ya tano. Kibra ya tangu 2013 naipa tatu na nusu. Sababu ya tofauti hiyo si kwamba wabunge wa Lang'ata walikuwa watu wadogo. Kinyume chake, walikuwa wakubwa mno. Kiti hiki kimewahi kukaliwa na watu ambao Kenya nzima iliwataka, iliwaogopa au iliwacheka, na mara nyingi mkazi wa kawaida amekuwa akipanga foleni nyuma ya taifa zima kumwona mtu aliyemchagua yeye.

Kwanza mahali penyewe. Ukitoka mzunguko wa Nyayo Stadium na kushika barabara ya Lang'ata, unapita Nairobi West, uwanja wa ndege wa Wilson, Bustani ya Uhuru ambapo bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, kisha Bomas of Kenya, na hatimaye unaingia Karen yenye ua mrefu, miti mikubwa na malango yanayofunguliwa na askari. Upande wa kusini ni mbuga ya wanyama. Upande wa kaskazini, nyuma ya magorofa ya Nyayo Highrise, yapo mabati ya Kibera. Kwa miongo kadhaa yote haya yalikuwa eneo bunge moja. Mtu mwenye ekari tano za nyasi na mtu mwenye chumba cha futi kumi kwa kumi walikuwa na mbunge mmoja, na yeyote aliyetaka kiti alilazimika kuwa na lugha mbili, moja ya ahadi na nyingine ya utulivu. Wapigakura wengi walikuwa Kibera, pesa zilikuwa Karen, na baina yao palikuwa na watumishi wa serikali, wafanyabiashara wa South C na wapangaji wa Nairobi West ambao hawakuwa na hamu na upande wowote.

Kibera yenyewe ilianza kama makazi ya askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Waingereza, na haikuwa ajabu kwamba mmoja wa wabunge wa mwanzo wa Lang'ata, Yunis Ali aliyechaguliwa mwaka wa 1969, alikuwa Mnubi. Kwa jamii iliyokaa karne nzima bila hati ya ardhi, kuwa na mtu wao bungeni lilikuwa jambo zito. Hati hiyo, ya ekari 288, ilikuja kutolewa Juni 2017, wakati ambapo kiti kilikuwa kimekwisha kupita mikononi mwa watu wengine wengi na hata mpaka umebadilika. Ninalitaja hili kwa sababu linaonyesha kasi halisi ya huduma hii katika yale yaliyo muhimu zaidi kwa mteja.

Aliyemfuata Yunis Ali ni Mwangi Mathai, na hapa ndipo historia ya Lang'ata inapopata tukio ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zao lake kubwa kuliko yote, ingawa halikukusudiwa. Mathai aligombea mwaka wa 1969 akashindwa, akarudi mwaka wa 1974 akashinda. Katika kampeni ya pili aliwaahidi wapigakura maskini kazi. Ahadi ya kazi ni bidhaa ya kawaida sana msimu wa uchaguzi, na kwa kawaida huisha muda wake siku matokeo yanapotangazwa. Mke wake, Wangari, alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu na aliichukulia ahadi ile kwa uzito ambao mgombea mwenyewe hakuwa nao. Akaanzisha kampuni ndogo, Envirocare, kwa wazo ambalo lingeweza kuzaliwa Lang'ata tu: matajiri wana bustani kubwa, maskini wana mikono isiyo na kazi, basi hawa wawatunzie wale bustani na kupanda miti kwa malipo. Kitalu cha miche kikawekwa msitu wa Karura.

Kampuni haikudumu. Wenye bustani hawakuwa tayari kulipa kabla ya kazi, na wenye mikono hawakuwa na nauli ya kufika kazini kabla ya kulipwa. Yeyote aliyewahi kuajiri au kuajiriwa kibarua jijini Nairobi anaelewa mkwamo huo bila kuelezwa zaidi. Lakini wazo la miche halikufa. Wangari alilipeleka kwa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na tarehe 5 Juni 1977 miti saba ikapandwa katika bustani ya Kamukunji, mwanzo wa Green Belt Movement. Ndoa yake na mbunge ilivunjika katika miaka hiyohiyo, talaka ikatolewa 1979, na mwaka huo Mathai akapoteza kiti. Mwaka wa 2004 Wangari Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mtu anaweza kusema, na sidhani atakuwa ametia chumvi, kwamba mbegu ya tuzo ile ni ahadi ya kampeni ya Lang'ata ambayo aliyeitoa hakuitimiza.

Uchaguzi wa 1979 ulimleta Philip Leakey, mwana wa Louis na Mary Leakey na ndugu wa Richard, aliyekuwa Mzungu wa kwanza kuchaguliwa bungeni baada ya uhuru. Magazeti ya nje yalilipenda jambo hilo kuliko wakazi walivyolipenda. Alikuja kuwa waziri msaidizi, na jina lake likaambatana na kiti hiki katika miaka ya chama kimoja, miaka ambayo kipimo cha mbunge hakikuwa alichowafanyia wakazi bali alivyosimama mbele ya chama. Mwaka wa 1988 kura za mchujo zilipigwa kwa mlolongo, watu wakijipanga nyuma ya mgombea au picha yake hadharani, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Siwezi kuitathmini huduma ya kipindi kile kwa haki, kwa sababu mteja hakuwa na sauti ya kulalamika. Nikiipa nyota, nitakuwa ninaupima woga.

Kisha Desemba 1992, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini, Lang'ata ikamchagua Raila Odinga kwa tiketi ya FORD-Kenya. Alikuwa ametoka kizuizini na uhamishoni, na alikaa katika kiti hicho hadi 2013. Sehemu hii inastahili kukaliwa kwa kina, kwa kuwa zaidi ya nusu ya wanaoitaja Lang'ata leo wana maana ya miaka hiyo 20.

Jambo la kwanza la kumsifia ni la mwaka wa 1997. Baada ya kifo cha baba yake, Jaramogi, Januari 1994, uongozi wa FORD-Kenya ulimwendea Michael Wamalwa, na Raila akaamua kuhama. Wanasiasa wetu huhama vyama kama wapangaji wanaokimbia kodi, usiku na bila kuaga. Yeye alijiuzulu ubunge, akarudi kwa wapigakura katika uchaguzi mdogo wa Machi 1997 kwa tiketi ya chama kipya cha NDP, akashinda. Kwa mkazi wa Lang'ata ile ilikuwa heshima adimu: aliulizwa kama bado anakubali bidhaa baada ya lebo kubadilishwa. Miezi tisa baadaye alichaguliwa tena katika uchaguzi mkuu na kuwa wa tatu katika mbio za urais.

Jambo la pili halisifiki. Mwishoni mwa Oktoba 2001 Rais Moi alizuru Kibera na kusema kwamba kodi za nyumba zilikuwa za juu mno. Raila, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa kawi baada ya NDP kushirikiana na KANU, chama cha Moi, aliunga mkono kauli hiyo. Wapangaji, wengi wao Waluo, waliielewa kama ruhusa ya kupunguza au kuacha kulipa. Wenye nyumba, wengi wao Wanubi, waliielewa kama tangazo la kunyang'anywa. Desemba ikaleta mapigano, nyumba zikachomwa na watu wakauawa. Mbunge alikuwa na wapigakura pande zote mbili za ugomvi ule. Kazi ya uwakilishi katika hali kama ile ni kukaa katikati ya wenye nyumba na wapangaji hadi wapatane kiwango, jambo la kuchosha lisilo na makofi, na huduma hiyo haikutolewa kwa wakati. Namhukumu kwa hilo bila kusahau kwamba aliyeanza kusema alikuwa Rais.

Jambo la tatu ni gumu zaidi kulipima. Chini ya Katiba ya zamani, mtu hakuweza kuwa Rais bila kuchaguliwa mbunge. Maana yake ni kwamba mwaka wa 2007, Raila alipogombea urais kwa chama cha Chungwa, ODM, dhidi ya Mwai Kibaki, mpigakura wa Laini Saba au South C alikuwa na uwezo wa kuzima ndoto ya mamilioni ya watu wa Kisumu, Mombasa na Eldoret kwa kumnyima kiti cha ubunge tu. Wapinzani waliliona hilo vizuri. Stanley Livondo wa PNU, chama cha Kibaki, aliwekewa nguvu ambazo mgombea wa mtaa hawekewi, na kwa wiki kadhaa Lang'ata ilikuwa uwanja wa vita vya urais ambavyo wakazi wake hawakuviomba. Raila alishinda kiti kwa wingi mkubwa. Matokeo ya urais yakazozaniwa, na Januari 2008 vijana wa Kibera waling'oa reli inayopita katikati ya mtaa wao, reli ileile inayoelekea Uganda. Aprili akaapishwa kuwa Waziri Mkuu.

Mkazi aliyekuwa na shida ya karo au bomba la maji mwaka wa 2009 alikuwa na mbunge ambaye pia ni Waziri Mkuu wa serikali ya mseto yenye ugomvi kila wiki. Faida ilikuwepo, tusikatae. Septemba 2009 familia za Soweto Mashariki zilianza kuhamishwa kutoka Kibera na kupelekwa katika magorofa ya muda kando ya gereza la Lang'ata, chini ya mpango wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda, na Waziri Mkuu mwenyewe alikuwepo siku ile. Kila familia ilipewa chumba, na jiko na choo zikawa za kugawana na majirani. Nyumba 822 zilizojengwa mahali walipotoka zilikabidhiwa mwaka wa 2016, miaka saba baadaye. Wazee wa Kibera walikuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi, kwani walishayaona magorofa ya Nyayo Highrise yakijengwa kwenye ardhi yao na kuishia kukaliwa na watu wa kipato cha kati. Safari hii angalau sehemu ya waliohamishwa walirudi.

Bila ya siasa kubwa, tatizo la msingi la Lang'ata ya zamani lilikuwa la hesabu. Sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, iliyotokana na mswada wa mbunge wa Ol Kalou, Muriuki Karue, na kupitishwa mwaka wa 2003, ilitenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwa ajili ya maeneo bunge yote. Robo tatu ya pesa hizo iligawanywa sawasawa kwa maeneo yote 210, na robo iliyobaki kwa kigezo cha umaskini. Eneo lenye watu wachache kaskazini mwa nchi na Lang'ata iliyobeba Kibera nzima walipata sehemu ileile katika fungu kubwa. Mtoto wa Kibera aliyeomba basari alikuwa akigawana kikombe kimoja na watoto wengi kupita kiasi, na hilo si kosa la mbunge yeyote.

Ndiyo maana ninaamini uamuzi bora zaidi katika historia ya eneo hili haukufanywa na mbunge bali na tume ya mipaka. Baada ya Katiba ya 2010, idadi ya maeneo bunge ilipanda kutoka 210 hadi 290, na ya Nairobi kutoka 8 hadi 17. Lang'ata ikabaki na wodi za Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise. Kibra ikachukua Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Ghafla kila upande ukawa na hazina yake na mbunge anayejua hasa anamwakilisha nani.

Kibra ilianza kwa bahati njema. Ken Okoth alizaliwa na kukulia Kibera, akapata ufadhili wa kusoma Starehe Boys, akaenda chuo kikuu Marekani na kufundisha huko kabla ya kurudi kugombea mwaka wa 2013 kwa tiketi ya ODM. Hakuwa na ndoto ya urais iliyojulikana, na hakuna aliyehitaji kumwomba nafasi ya kumwona kupitia kwa maafisa watatu. Aliweka pesa za hazina kwenye shule na basari kwa ukaidi ambao ulimchosha hata mtu aliyetaka barabara, na alijibu maswali ya wakazi kwa majina ya shule, idadi ya madarasa na tarehe. Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia. Alichaguliwa tena 2017. Si kila kitu kilimwendea vizuri: Julai 2018 tingatinga zilibomoa nyumba na shule za Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, maelfu ya watu wakabaki bila makao, na ilidhihirika kuwa mbunge, hata akiwa hodari, hana breki ya kukanyaga mbele ya mradi wa serikali kuu. Februari 2019 alitangaza hadharani kwamba anaugua saratani ya utumbo. Alifariki tarehe 26 Julai mwaka huo.

Uchaguzi mdogo wa Novemba 2019 ulirudisha tabia ya zamani, ile ya wakubwa kuja kupimana nguvu katika uwanja wa watu maskini. Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, alimpigia debe mwanasoka McDonald Mariga wa Jubilee. Raila alimsimamia Bernard Imran Okoth, nduguye marehemu. Na Eliud Owalo akasimama kwa ANC. Imran alishinda kwa kura 24,636 dhidi ya 11,230 za Mariga. Mwaka wa 2022 kiti kikamwendea Peter Orero, mwalimu mkuu wa zamani wa Shule ya Upili ya Dagoretti, na Kibra ikaonekana kukata shauri kwamba mtu wa elimu ndiye anayewafaa.

Lang'ata iliyobaki bila Kibera ikawa kitu kingine kabisa, eneo la tabaka la kati ambalo halimilikiwi na chama chochote. Joash Olum wa ODM alishinda 2013. Ni katika kipindi hicho, Januari 2015, ambapo wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road walirushiwa vitoa machozi walipojaribu kubomoa ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao wa kuchezea na watu walionyakua ardhi. Picha za watoto waliovaa sare wakikimbia moshi zilizunguka dunia, na uwanja ukarudishwa. Walioukomboa walikuwa wanaharakati na watoto wenyewe, na ninaona aibu kwamba katika simulizi lile hakuna anayelitaja eneo bunge hata kidogo.

Nixon Korir wa Jubilee alikichukua kiti 2017. Alikipoteza 2022 kwa kura zisizofika elfu mbili kwa Phelix Odiwuor, mchekeshaji na mtangazaji wa redio ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Jalang'o, aliyegombea kwa ODM; Korir baadaye akateuliwa katibu wa wizara ya ardhi. Wengi walimdharau Jalang'o kwa kazi aliyotoka nayo. Mimi sioni kosa: mtu aliyezoea kuamka usiku wa manane kwenda studio na kupokea simu za wasikilizaji wenye hasira ana maandalizi mazuri kuliko mawakili wengi. Kilichomsumbua ni chama. Februari 2023 alikwenda Ikulu kumwona Rais Ruto, akieleza kwamba alikwenda kutafuta maendeleo, na Septemba mwaka huo ODM ikatangaza kumfukuza pamoja na wenzake wanne, hatua iliyozuiwa na jopo la mizozo ya vyama. Machi 2025 Raila mwenyewe alitia saini mkataba wa ushirikiano na Ruto. Sisemi zaidi, msomaji ana akili zake. Raila alifariki Oktoba 2025, na bado ukitaja Lang'ata nje ya Nairobi, jina linalojibu ni lake.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo mteja huikuta kwa mikono yake, yaani afisi ya hazina. Katika miaka ya karibuni kila eneo bunge limekuwa likipata zaidi ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, na sehemu kubwa inayomgusa mwananchi ni basari. Fomu huwa ni ya kurasa chache. Mzazi hujaza jina la mtoto, shule, karo inayodaiwa na hali ya familia. Huambatanisha nakala ya kitambulisho chake, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ripoti ya muhula na karatasi ya karo iliyopigwa muhuri wa shule. Kisha huenda kwa chifu au naibu wake kutiwa muhuri mwingine kuthibitisha kwamba ni mkazi. Muhuri huo wa chifu ndio kipimo cha kweli cha huduma. Mahali ambapo chifu anapatikana asubuhi na hakuna "chai" inayoitishwa, basari huwafikia maskini. Mahali ambapo mzazi anarudishwa mara tatu, fomu hujazwa na wale wenye gari la kurudia. Tena hundi hulipwa shuleni moja kwa moja, jambo zuri, lakini kiasi kwa mtoto mara nyingi ni kidogo kiasi kwamba mwanafunzi wa bweni bado hufukuzwa karo muhula uleule.

Juu ya yote, uhai wa hazina hii umetiwa shaka na mahakama mara kwa mara. Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya hazina ya 2013, iliyofuata ile ya 2003, mnamo Agosti 2022, na Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba hata sheria ya 2015 inakiuka Katiba, ikatoa muda hadi tarehe 30 Juni 2026. Hoja ya majaji ina uzito: mbunge ni wa kutunga sheria na kuisimamia serikali, na akishakuwa mgawaji wa pesa hizo, nani atamsimamia yeye? Naikubali hoja hiyo kikanuni. Lakini nikiwa mkazi ninajua pia kwamba madarasa mengi ya Kibra yasingekuwepo, na kwamba hakuna aliyewaonyesha wazazi wa Lindi dirisha lingine la kuombea karo.

Upungufu mmoja mkubwa wa huduma ni kwamba wateja hawaelezwi inachouza. Takataka zisipozolewa Nairobi West, mtu humtukana mbunge, ilhali hiyo ni kazi ya kaunti, na wa kuulizwa kwanza ni mwakilishi wadi. Maji, mifereji, taa za mtaa na shule za chekechea ni za kaunti. Shule za msingi na za upili, vituo vya polisi, afisi za machifu na basari ndizo zinazoingia kwenye hazina ya mbunge. Kazi yenyewe ya bunge, ambayo ndiyo aliyoapishwa kuifanya, inaonekana kwenye taarifa rasmi za mijadala zinazochapishwa na Bunge, na ni wakazi wachache mno wanaozifungua kuona kama mtu wao alisimama kusema lolote kuhusu ardhi, kodi au polisi.

Kwa anayehamia upande huu wa jiji, jambo la kwanza ni kujua wodi yake kabla ya kutafuta afisi. Ukipanga Nyayo Highrise uko Lang'ata, lakini ukivuka kuingia Laini Saba uko Kibra, na fomu ya upande mmoja haipokelewi upande wa pili hata kama kituo chenu cha matatu ni kimoja. Kaulizie ratiba ya basari mapema, maana dirisha hufunguliwa kwa muda mfupi. Omba kuona orodha ya miradi ya mwaka na kiasi kilichotengwa kwa kila mmoja. Hizo ni habari za umma na kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuzipata. Na ikiwa kadi yako ya kura bado ni ya kwenu kijijini, ihamishe kabla ya Agosti 2027, kwa sababu katika eneo ambalo kiti kiliamuliwa mara ya mwisho na kura zisizofika elfu mbili, magorofa machache ya South C yanatosha kubadilisha mtoa huduma.